Rhine yapungukiwa maji, Ulaya yahaha

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kauli hiyo yawafaa leo wanaoutegemea mto Rhine kwa riziki yao.

Mto huo huanzia Ziwa Toma, katika milima ya Alps nchini Uswisi. Hupitia Ziwa Konstanz, ukaporomoka katika maanguko ya Schaffhausen, kisha ukageukia kaskazini mjini Basel. Huko nyuma ukiacha Ufaransa na Ujerumani, huingia Uholanzi, ukagawanyika na kumwaga maji yake katika Bahari ya Kaskazini karibu na Rotterdam, bandari kubwa kuliko zote barani Ulaya. Safari nzima ni takriban kilomita 1,230.

Tatizo liko Kaub, mji mdogo wa Ujerumani ambako njia ya meli haina kina kirefu. Mnamo Oktoba 2018, kipimo cha maji mjini humo kilishuka hadi sentimita 25. Ingawa kina halisi cha njia hiyo huzidi kipimo kwa takriban mita moja, meli zililazimika kubeba sehemu ndogo tu ya shehena. Kampuni ya kemikali ya BASF ilikadiria hasara yake kuwa euro milioni 250. Kiangazi cha 2022, masaibu yayo hayo yakarejea.

Serikali ya Ujerumani imepanga kuongeza kina cha njia hiyo kwa sentimita 20 kati ya Mainz na St. Goar. Mpango huo una manufaa, lakini hauongezi hata tone moja la maji. Akiba ya mto wakati wa kiangazi ni theluji na barafu ya Alps, na barafu ya Uswisi ilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka ya 2022 na 2023 pekee.

Ni kweli kwamba mataifa hayo yamewahi kuuokoa mto huu. Ghala la kampuni ya Sandoz lilipoteketea karibu na Basel mnamo Novemba 1, 1986, sumu iliangamiza samaki wengi. Mwaka uliofuata mataifa yalikubaliana kuusafisha, na samaki aina ya samoni wakarejea.

Hata hivyo, sumu ile ilikuwa na mwenyewe aliyejulikana. Joto linaloyeyusha barafu ni la ulimwengu mzima, na kuchimba njia ya meli hakutalipunguza.