Surua haijui mpaka: watoto wa Busia na Malaba wakamilishiwe chanjo

Msomaji, neno bodaboda lilizaliwa huko mpakani, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Hadi leo akina mama wa Busia na Malaba huvuka asubuhi na mtoto mgongoni kwenda kuuza, wakarudi jioni. Surua, ambayo wengi wetu huiita ukambi, huvuka nao, nayo haiulizwi kitambulisho.

Huu si ugonjwa wa kuchezewa. Huanza kwa homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha vipele. Mgonjwa huambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, na virusi huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada yake kuondoka. Mtoto asiye na kinga anaweza kupatwa na nimonia, upofu, hata kifo.

Chanjo ipo, tena ni bure katika vituo vya afya vya serikali. Ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Ya pili, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2013, hutolewa akiwa na miezi 18. Hapa ndipo penye pengo. Sindano ya miezi 9 pekee huacha watoto wapatao 15 kwa kila 100 bila kinga. Lakini mtoto akishaanza kutembea, kadi ya kliniki hutiwa sandukuni ikasahaulika. Ili surua isienee, inatakiwa watoto 95 kwa kila 100 wapate sindano zote mbili.

Mpakani shida huzidi. Mtoto aliyechanjwa mara ya kwanza Uganda, na sasa analelewa na nyanya yake Malaba, ataitwa na nani kwa sindano ya pili? Kampeni kama ile ya Julai 2025 husaidia, lakini kampeni huisha, na watu huendelea kuvuka.

Kwa maoni yangu, chanjo iwafuate watu. Kaunti ya Busia iweke wauguzi sokoni na karibu na kituo cha mpakani siku za soko. Wamchanje kila mtoto ambaye kadi yake haijakamilika au imepotea, bila kuuliza uraia. Sindano ya ziada haimdhuru mtoto.

Nawe uliye Nairobi au Kisumu, usiseme hayo ni ya Busia. Basi litokalo Malaba hufika kwenu siku hiyo hiyo. Itoe kadi ya mwanao leo uitazame. Ikiwa nafasi ya miezi 18 ni tupu, mpeleke kliniki, hata kama umri huo umepita.