Likasi: Nani apime vumbi la madini?

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi mno mwilini. Likasi, mji wa Shituru na Panda, hauhitaji kuelezwa maana yake.

Uganda, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere unaunda vihisi vya hewa vya bei nafuu tangu 2015, na jiji la Kampala linatumia takwimu zake. Ila kihisi cha aina hiyo huhesabu chembe za vumbi. Hakisemi kama zina kobalti. Hilo ni la maabara, na maabara ya kudumu haiendeshwi kwa ruzuku ya utafiti. Ni kazi ya serikali.

Fedha je? Sheria ya madini ya 2018 inaziachia mamlaka za mahali penye mgodi asilimia 15 ya mrabaha. Sehemu ndogo tu ingetosha kuanzia. Bila hivyo, ofisi za umma zitaendelea kusoma ripoti zinazoandikwa na kampuni zilezile zinazotimua vumbi.