Ndoa Ikivuka Mpaka, Talaka Nayo Ivuke

Ndugu zetu wengi wa ughaibuni wana dhana kwamba ndoa iliyofungwa kwa msajili wa Leicester ni mambo ya kule kule. Mtu kakosana na mwenzake, kapanda ndege, karudi Tanga. Keshaposa, keshatoa mahari, shughuli inaandaliwa. Akiulizwa habari za yule wa kwanza anajibu, "Sisi tuliachana zamani." Waliachana vipi, na nani aliwaachanisha, hapo maneno humwishia.

Toleo hili linawahusu watu wa namna hiyo, na zaidi linawahusu wale wanaobaki na matokeo yake. Msimamo wetu nauweka mezani mapema: nchi inayoitambua ndoa ya ugenini imejitwika pia wajibu wa kuwaonyesha wenye ndoa hiyo njia ya kutoka. Nao wenye ndoa wajue kwamba tiketi ya ndege si talaka.

Sheria haikulisahau jambo hili kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaitambua ndoa iliyofungwa nje ikiwa ilifuata taratibu za nchi ilikofungwa na wahusika walikuwa na sifa za kuoana. Mmoja wao akiwa raia wa Tanzania, sifa hizo hupimwa pia kwa sheria yetu. Uhalali wake hausubiri muhuri wa Dar es Salaam. Ndoa huingia nchini pamoja na wenyewe, haipiti forodhani. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja kufunga nyingine, na akifunga, hiyo ya pili ni batili. Wapo watakaosema dini inamruhusu wanne. Sawa, lakini alipokwenda kwa msajili wa Kiingereza alifunga ndoa ya mke mmoja, na hakuna aliyemlazimisha kwenda huko.

Siku ya harusi hakuna anayeyajua haya. Hujulikana baada ya msiba. Mirathi inafunguliwa mahakamani, mara inafika bahasha kutoka ng'ambo, ndani yake cheti cha ndoa ambayo hakuna hukumu yoyote iliyowahi kuivunja. Mjane aliyemuuguza marehemu, akajenga naye, akakaa eda, anaanza kuulizwa yeye ni nani. Mawakili watamwambia zipo njia za kudai jasho lake, na ni kweli zipo. Ila ni njia ndefu, naye anaianza akiwa bado na kanga ya msiba begani.

Uingereza kwenyewe kuna mkanganyiko mwingine, nao unawagusa hasa watu wa mwambao walioko huko. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua kwamba nikaha iliyofungwa London mwaka 1998, bila ndoa ya serikali kufuatia, haikuwa hata ndoa batili. Mbele ya sheria haikuwa ndoa kabisa. Mke alikuwa amezaa watoto wanne ndani yake. Lau wangefungishwa Unguja kwa taratibu halali za Unguja, Uingereza ingeitambua ndoa yao, na mama yule angeingia mahakamani kudai talaka na haki zake kama mke mwingine yeyote. Talaka nayo ina kizingiti chake. Mume akitamka talaka akiwa Birmingham, sheria ya Uingereza haiitambui, kwa sababu ndani ya nchi ile ndoa huvunjwa na mahakama tu. Mwanamke aliyeolewa Unguja anaweza kuwa ameachwa kwa sheria ya dini na bado yumo ndoani kwa sheria ya nchi anayoishi. Au kinyume chake: mahakama imeivunja ndoa, na mume anamnyima talaka ya kidini makusudi ili asiolewe. Huyo wa pili namwona mkatili kuliko yule wa Tanga.

Kanada nayo ilijikwaa hapo. Mwaka 2005 ilihalalisha ndoa za jinsia moja nchi nzima, na wageni wakawa wanakwenda kuoana na kurudi makwao. Wanawake wawili waliofunga ndoa Toronto, mmoja akiishi Florida na mwenzake Uingereza, walipotaka kuachana walikwama: ili kupata talaka Kanada, mmoja wao alipaswa kuwa mkazi kwa mwaka mzima, na huko walikokuwa wakiishi ndoa yao haikutambuliwa kuwa ndoa. Wakili wa serikali alifika hadi kudai kwamba hawakuwa wameoana hata huko Kanada. Sheria ya kuwapa talaka wasio wakazi ilianza kutumika mwaka 2013. Uwe na maoni yako juu ya ndoa hizo. Kasoro yenyewe ni ile ile, mlango wa kuingilia ulikuwa wazi na wa kutokea umefungwa.

Kwetu mlango upo, ila wengi hawaoneshwi. Mke yuko Moshi, mume yuko Manchester na hana nia ya kurudi. Mke anakwenda baraza la usuluhishi la kata na kuambiwa amlete mwenzake. Inaandikwa barua ya wito kwa mtu ambaye anwani pekee inayojulikana ni namba yake ya WhatsApp. Miezi inakatika. Kumbe kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ile ile kinaruhusu kwenda mahakamani bila kupitia barazani ikiwa mdaiwa anaishi nje ya nchi na haelekei kurudi ndani ya miezi sita, na vilevile ikiwa amemtelekeza mwenzake na hajulikani aliko. Kifungu hicho kimeandikwa tangu 1971! Wajumbe wa mabaraza wangepaswa kukijua kwa moyo.

Walioko Uingereza nao hawana kisingizio. Tangu Aprili 2022, mwombaji wa talaka katika Uingereza na Wales hahitaji kuthibitisha kosa la mwenzake, wala mwenzake hawezi kuizuia kwa kukataa tu. Hukumu ikishatolewa na mahakama ya nchi ambayo ndiyo maskani ya kudumu ya mmoja wa wanandoa, Tanzania Bara huitambua.

Kwa hiyo RITA, wakala wa serikali wa usajili, itangaze kwa Kiswahili chepesi mtu aliyeachika nje afanye nini na hukumu yake akirudi, na balozi zetu zibandike maelezo hayo ukutani. Wafungishaji ndoa, awe sheikh, padri au mkuu wa wilaya, wamwulize kila anayetoka ng'ambo kama aliwahi kuoa au kuolewa huko, na akikiri waombe hukumu ya mahakama, wasipokee barua ya wazee. Tangazo la ndoa la siku 21 linatolewa Tanga. Mwenye pingamizi yuko Leicester.