Vidonge vya saratani: Kwa nini kila kemisti hukujibu 'haiko'?

Ingia kemisti yoyote ya mtaani leo uulize kapesitabini. Mhudumu atakuomba urudie jina, ataangalia kompyuta, kisha atakwambia: "Hiyo haiko. Jaribu tauni." Ukifika tauni utaambiwa ujaribu zile zilizo karibu na hospitali kubwa. Huko nako utaambiwa urudi Alhamisi.

Kapesitabini, ambayo daktari huiandika capecitabine, ni dawa ya kemo inayomezwa. Hutibu saratani ya utumbo mpana, ya matiti na ya tumbo. Si dawa ngeni. Marekani iliiidhinisha 1998, na tangu 2015 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Viwanda vya India, vinavyoiletea Kenya sehemu kubwa ya dawa zake, vinaitengeneza kwa wingi.

Basi dawa ipo. Mbona haifiki kaunta?

Anza na hesabu ya vidonge. Dozi hupangwa kwa urefu na uzito wa mtu. Mgonjwa wa umbo la kawaida anaweza kuandikiwa vidonge vinne vya miligramu 500 asubuhi na vinne jioni, siku 14 mfululizo, kisha apumzike siku saba. Hivyo ni vidonge 112 kwa duru moja. Duru zinaweza kufika nane.

Sasa jiweke mahali pa mwenye kemisti. Dawa za maumivu na za presha zinatoka kila siku. Boksi la dawa ya kemo linaweza kukaa kwenye rafu miezi, na pesa zake zimelala humo. Tarehe ikipita, hasara ni yake peke yake. Na hata akiliweka, hajui kama mgonjwa atakayekuja atataka boksi moja au matatu. Mimi simlaumu sana. Duka lake si ghala la serikali.

Lawama inaanzia juu zaidi, kwenye njia ya malipo.

SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilitengea matibabu ya saratani Sh400,000 kwa mwaka kwa kila familia, na Sh150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu hizo zikiisha. Tangu hapo mjadala mwingi umekuwa kuhusu kuongeza kiwango hicho. Ni mjadala wa haki, maana kemo hula pesa. Lakini malipo hayo hupitia hospitali zenye mkataba. Famasia ya hospitali ikiishiwa, unapewa karatasi ukatafute nje, na huko nje kadi yako haina kazi. Unaweza kuwa na laki tatu kwenye bima na bado ukalipa kwa M-Pesa.

Mwaka jana nilizunguka hivyo kwa ajili ya shangazi yangu. Kikundi cha familia cha WhatsApp kilichanga. Nusu ya vidonge nilivipata Nairobi, nusu nyingine ikaja kama mzigo kwenye matatu kutoka mji mwingine. Boksi zilikuwa za kampuni mbili, rangi mbili. Akaniuliza kama kweli ni dawa ile ile. Nilimjibu ndiyo, halafu nikampigia mfamasia kuhakikisha. Duru yake ilianza siku tisa baada ya tarehe aliyopewa.

Kinachoudhi ni kwamba vidonge hivi vilisifiwa kwa kumpunguzia mgonjwa safari. Hakuna kulazwa, hakuna dripu, unameza ukiwa kwako baada ya chakula. Mwenye dripu angalau anajua dawa inamsubiri wodini. Mwenye vidonge ndiye anayetembea.

Wengine wakichoka kutembea hupunguza wenyewe: vitatu badala ya vinne, ili vifike mwisho wa mwezi. Hilo daktari hana njia ya kuliona hadi uvimbe ukue.

Wengine hununua kwa mtu waliyeunganishwa naye kwenye simu. Hapo ni hatari. Mwaka 2019 WHO ilitoa tahadhari kuhusu Iclusig bandia, kidonge cha saratani ya damu. Ndani hakukuwa na dawa ya saratani, kulikuwa na paracetamol tu.

Lakini kuna kidonge cha saratani ambacho kwa miaka mingi mgonjwa wa Kenya hakukitafuta kemisti kwa kemisti. Ni imatinibu, inayojulikana zaidi kwa jina la Glivec, kwa wenye saratani ya damu ya aina ya CML. Kupitia mpango ulioanzishwa 2002 na kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation, mgonjwa alipimwa, jina lake likaandikishwa, na dawa ikatumwa kliniki bila malipo kulingana na walioandikishwa. Udhaifu wake ulijulikana: ulikuwa msaada, na msaada hukatika. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja pale lisilohitaji mfadhili, nalo ni orodha ya majina. Aliyeagiza alijua nani anameza nini, na vitamwishia lini.

Hospitali yenye kliniki ya saratani tayari ina majina hayo kwenye faili. Mgonjwa wa kapesitabini akianza duru ya kwanza, nyingine saba zinaweza kukadiriwa siku hiyo hiyo. Bado agizo hufanywa kwa kubahatisha. Kuongeza pesa za SHA bila kugusa hapo hakutaweka hata boksi moja kwenye rafu.

Kwa sasa, ukitafuta, uliza kwa jina la dawa badala ya jina la kampuni. Utapata majibu mengi zaidi. Piga simu kabla ya kupanda matatu. Omba risiti, na uangalie namba ya toleo kwenye boksi. Vikikosekana kabisa, mwambie daktari mapema, maana kwa baadhi ya wagonjwa kuna dawa ya dripu inayoweza kushika nafasi. Usikate dozi mwenyewe.

Shangazi sasa hupiga simu famasia jioni ya siku ya kumi, akiwa bado na vidonge 32 kwenye kopo.