Tiketi rahisi ya Guangzhou ina gharama yake

Kila msimu wa maonyesho ya Canton unapokaribia, wafanyabiashara wa Kariakoo huwauliza mawakala wa tiketi swali moja tu: ipi rahisi? Kwa maoni yetu swali la kwanza lingekuwa: nitangoja saa ngapi njiani?

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, kwa mstari wa moja kwa moja, ni takriban kilomita 8,700. Ndege isiyotua njiani huchukua kiasi cha saa 10 na nusu. Ukipitia Dubai unafika kilomita 9,800 hivi, na ukipitia Addis Ababa ni karibu hizo hizo. Mzunguko huo unaongeza saa mbili au mbili na nusu tu za kuwa angani. Kinachokula siku ni benchi la kiwanja cha kati. Ukingoja saa 3, safari nzima ni kama saa 16. Ukingoja saa 14, ni saa 27.

Tiketi yenyewe haikuelezi hivyo, kwa sababu huandika saa za kila mji. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5. Ukiondoka Dar saa 4 asubuhi bila kutua, utafika saa 7 na nusu usiku wa huko, na karatasi itaonyesha kama umetumia saa 15 na nusu. Wakati wa kurudi itaonyesha kama saa 6, ingawa kwa kawaida kurudi ndiko kunakochukua muda zaidi, maana upepo wa juu huvuma kutoka magharibi.

Sasa fedha. Tuseme tiketi ya kungoja saa 14 ni rahisi kwa shilingi 250,000, nawe umekopa milioni 20 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Riba ya siku moja ni shilingi 20,000. Kwa hesabu hiyo tiketi rahisi inashinda, na anayekuambia riba itakumaliza njiani anakutisha bure.

Lakini maonyesho ya Canton, ya Aprili na ya Oktoba, yamegawanywa katika awamu tatu, na kila awamu ni siku 5. Bidhaa za awamu moja hazirudi katika awamu nyingine. Anayefika mchana wa siku ya kwanza, macho mekundu, akalala hadi kesho yake, amepoteza sehemu moja kati ya tano ya muda wa kulinganisha bei. Siku ya mwisho atakubali bei ya kiwanda kimoja kwa sababu vingine hakuvifikia, na katika kontena moja tofauti hiyo inaweza kumeza zile 250,000 mara kadhaa.

Wiki za maonyesho, lipa zaidi ufike mapema. Ukienda miezi mingine, kwenye masoko ya jumla ya mjini ambayo hayana awamu, chukua tiketi ya kungoja na ubebe chakula chako.