Bahari ikipanda, mikoko itahamia wapi?

Ukisoma kwamba mikoko au kasa wa Pwani "wako hatarini" kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, usipite tu. Uliza: hatari gani hasa? Wanaofanya tathmini hizi huwa na maswali matatu. Kiumbe kinakabiliwa na nini? Kikiguswa, kinaumia kiasi gani? Na je, kina njia ya kujiokoa? Mawili ya kwanza ndiyo hufika kwenye vichwa vya habari. La tatu hupita kimyakimya, ilhali ndilo pekee ambalo wewe na mimi tuna usemi mkubwa juu yake.

Matumbawe hayana bahati hapo. Mwani mdogo unaoishi ndani yake ndio huyalisha. Maji yakizidi joto wiki kadhaa, mwani hutoka, nayo hubaki meupe na yenye njaa. Mwaka 1998 El Nino iliua sehemu kubwa ya matumbawe yetu. Hayawezi kufunga virago yakahama. Yanachohitaji ni miaka ya kupumua kati ya joto moja na jingine.

Kasa je? Huyu jinsia yake huamuliwa na mchanga. Karibu nyuzi 29, dume na jike hutoka takriban sawa. Ukipata moto zaidi, majike huzidi. Utafiti uliochapishwa 2018 kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga waliotoka fukwe za huko ni majike. Sasa fikiria Watamu, ambako kasa hutaga. Penye miti nyuma ya ufuo kuna kivuli, na maji yakipanda mama kasa anaweza kutaga juu kidogo. Penye ukuta wa hoteli, atapanda aende wapi?

Twende kwa mikoko sasa, maana hii inaweza kujitetea kabisa. Mizizi yake hunasa tope, ardhi ikainuka polepole pamoja na bahari. Ikishindwa, miche huota upande wa bara na msitu mzima ukasogea. Lakini tope likija kwa fujo ni balaa: mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi hori la Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi inayopumua, na miti mingi ikafa imesimama. Udongo huo ulitoka juu, si baharini.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, zaidi ya nusu ikiwa Lamu. Mkoko wa Lamu wenye uwanda mtupu nyuma yake na mkoko wa Mombasa uliobanwa na nyumba ni mti uleule, bahari ileile, ila hatari si sawa. Ndiyo maana zile picha za viongozi wakipanda miche (na kofia mpya, bila shaka) hazinitoshi. Nataka kujua nyuma ya miche kuna nini, na kiwanja hicho ni cha nani.

NEMA hualika maoni ya umma kuhusu ripoti za athari kwa mazingira kabla ya miradi mikubwa kupewa leseni. Tangazo la mradi wa ufuoni likitoka, tafuta ramani ndani ya ripoti hiyo, uangalie upande wa bara.