MTOTO NA HOSPITALI, SEHEMU YA 6: Yule baba wa sweta na sindano yangu

 

Wiki iliyopita niliahidi leo tuongelee kuharisha. Naomba mnisamehe, tutaongelea wiki ijayo. Kuna jambo limenikaa rohoni na nisipolisema sitalala.

Juzi nilikuwa zamu ya asubuhi. Akaja mama na mtoto wa kiume wa miaka saba, anachechemea. Nikavua soksi taratibu. Jamani, mguu umevimba, usaha unatoka. Alikanyaga msumari siku tatu kabla. Siku tatu anavaa soksi, anaoga mwenyewe, anasema yuko sawa. Mama amegundua asubuhi hiyo kwa sababu ya harufu.

Nikamuuliza, "Mbona hukumwambia mama?" Akaangalia trei yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama alisema nikiwa mtundu nesi atanichoma sindano."

Mama akacheka ile ya aibu. "Sista, mimi nilikuwa natania tu."

Sikumgombeza, maana hiyo sentensi naisikia kila siku ya Mungu. Pale kwenye benchi la kusubiri, mtoto akilia kidogo, mama ananinyooshea kidole: "Nyamaza! Unamwona yule? Atakuchoma sindano!" Nyumbani pia, mtoto akikataa ugali anatishiwa mimi. Na mimi nimekaa zangu hata simjui huyo mtoto.

Sasa kanyaga msumari ukae siku tatu, mnajua tunaogopa nini. Tunaogopa pepopunda. Tunaogopa maambukizi yaingie kwenye mfupa. Huyu wetu Mungu amesaidia, chanjo zake alikuwa amemaliza, tukasafisha kidonda, akapata dawa. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba yule mtoto alipima mambo mawili akilini mwake, maumivu ya mguu na mimi, akaona heri maumivu.

Usiku ule nikamkumbuka mtu mmoja ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia. Anaitwa Fred Rogers. Mimi nilimfahamu kupitia ile filamu ya 2019 ambayo Tom Hanks ameigiza kama yeye, nikatoka hapo nikaingia YouTube kumtafuta mwenyewe. Nikakesha.

Huyu alikuwa Mmarekani, alizaliwa 1928 katika mji mdogo wa Latrobe, Pennsylvania. Utotoni alikuwa na pumu, mnene, wenzake wanamtania. Alisomea muziki, kisha akawa mchungaji wa Kipresbiteri mwaka 1963. Lakini hakupewa usharika wa kuhubiria. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia watoto kwa njia ya televisheni. Kipindi chake, Mister Rogers' Neighborhood, yaani mtaa wa Bwana Rogers, kilianza kuonekana Marekani nzima Februari 1968 na kikaisha 2001. Vipindi vinakaribia 900.

Na ukikiangalia, wala hakina makeke. Anaingia mlangoni anaimba, anavua koti, anavaa sweta, anavua viatu vya kazini, anavaa raba. Sweta zenyewe zilifumwa na mama yake. Halafu anamwangalia mtoto usoni, kupitia kamera, anaongea polepole. Anasubiri. Hana papara kabisa.

Unaweza kusema, sasa hapo kuna nini cha ajabu? Subiri.

Ajabu ni yale aliyokubali kuyaongea na watoto wa miaka mitatu, minne, mitano. Kuna siku samaki alikufa kwenye tanki. Hakubadilisha samaki kimyakimya watoto wasijue. Alimtoa, akamzika, akasema habari ya mbwa wake wa utotoni aliyekufa na jinsi alivyolia. Alifanya vipindi kuhusu wazazi kutalikiana. Juni 1968, Robert Kennedy alipouawa kwa risasi na televisheni zote zikawa zinarudia habari ile, alitengeneza kipindi maalumu haraka, na kikaragosi chake cha chui milia kikauliza maana ya lile neno ambalo watu wazima walikuwa wanalisema kila saa. Kikajibiwa ukweli, kwa maneno ya kitoto.

Kuna hata wimbo aliutunga kuwahakikishia watoto kwamba hawawezi kuvutwa na maji wakaingia kwenye tundu la bafu. Unacheka? Mtoto mdogo hajui vipimo. Anaona maji yanazama, anajiuliza yeye je. Hofu ya namna hiyo kwake ni ya kweli kabisa.

Na hakuwa anabuni tu. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1988 alipofariki yule mama, alikuwa anakaa na Margaret McFarland, mtaalamu wa saikolojia ya watoto pale Pittsburgh, wanapitia alichokiandika. Mtoto atasikia nini hapa? Neno hili litamtisha? Mchungaji mzima, maarufu nchi nzima, bado anakwenda kuuliza.

Sasa njoo kwenye kazi yangu. Bwana Rogers na wenzake walitengeneza video za kuwaandaa watoto wanaokwenda hospitali. Kwenye moja, nesi anamfunga mtoto ule mkanda wa kupimia presha, anamwambia anaujaza upepo. Kwa Kiingereza, maneno aliyotumia yule nesi yanaweza kumaanisha kujaza upepo na pia kulipua. Rogers akakataa. Akaagiza sauti irekodiwe upya, nesi atumie neno jingine, ili mtoto asije akadhani mkono wake utalipuka.

Niliposoma hiyo nikaweka simu chini. Nikajiuliza, sisi tunasemaje?

Sisi tunasema "nitakuchoma". Hebu fikiria ni mtoto wa miaka mitatu. Kuchoma anakujua. Mahindi yanachomwa. Nyama inachomwa. Takataka zinachomwa nyuma ya nyumba, na aliambiwa asisogelee. Leo mama amempeleka kwa mtu mgeni mwenye nguo nyeupe, ambaye anasema kwa tabasamu, "Njoo nikuchome." Angekuwa na akili gani huyo mtoto asikimbie?

Tunasema "tunamtoa damu". Yeye hajui ni kijiko kimoja. Anadhani ni yote.

Na uongo je? Mwenzenu nakiri. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia binti mmoja, "Haiumi, ni kama mbu tu." Ikauma, lazima iume. Hakulia sana. Alinitazama tu, akasema, "Umenidanganya." Kesho yake ilibidi abadilishiwe kanula. Aling'ang'ania kitanda, tukamshika watu watatu. Sindano ya pili haikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Kilichobadilika ni kwamba hakuniamini tena, na hapo mwenye kosa ni mimi.

Ndiyo maana nasema jambo lililobaki baada ya Bwana Rogers, aliyefariki Februari 2003 kwa saratani ya tumbo, kubwa kuliko sweta lake lililowekwa makumbusho ya Smithsonian, ni ile adabu yake kwa mtoto: usimdanganye, usimtishe, na chunga neno kabla halijatoka mdomoni. Hiyo haihitaji televisheni. Unaweza kuifanya leo usiku, umeme umekatika.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Sista, hayo ni ya wazungu. Sisi tulitishiwa sindano, tukachapwa, na tumekua vizuri tu."

Nakusikia dada yangu. Mimi pia nilitishiwa. Lakini jiulize kwa uaminifu, wangapi kati yetu, watu wazima, tunakuja hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa? Wangapi wanakaa na uvimbe mwaka mzima kwa kuogopa tu? Sisemi yote yametokana na nesi wa utotoni. Nasema hofu ikipandwa mapema haing'oki kirahisi.

Na tena, usidhani mtu huyu alikuwa analea mayai. Mwaka 1969 alikwenda mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, kutetea fedha za televisheni ya umma, dola milioni 20. Mwenyekiti, Seneta John Pastore, alikuwa mkali, amechoka kusikiliza watu. Rogers akaongea dakika chache kwa sauti ileile anayoongelea na watoto. Akawasomea maneno ya wimbo wake kuhusu mtoto mwenye hasira: hasira unayo, sawa, lakini utaifanyia nini? Unaweza kuizuia isimuumize mtu. Yule seneta akalainika, akamwambia fedha hizo amezipata. Hiyo ni malezi yenye mipaka. Mtoto anaruhusiwa kuogopa na kukasirika. Kumpiga mwenzake, hapana. Kumng'ata nesi, hapana pia!

Kuna mmoja zaidi siwezi kumwacha, kwa ajili ya mama wenye watoto wenye ulemavu, maana mnaniandikia sana. Mwaka 1981 alimleta kwenye kipindi mtoto wa miaka kumi, Jeff Erlanger, anayetumia kiti cha magurudumu cha umeme. Hakumpapasa kichwa kwa huruma. Alimwomba aeleze kiti chake kinavyofanya kazi na kwa nini anakihitaji. Na Jeff akaeleza, kuhusu uvimbe kwenye uti wa mgongo, kuhusu upasuaji, vizuri kuliko baadhi yetu wa wodini. Wakaimba pamoja. Miaka mingi baadaye, 1999, Rogers akipewa heshima jukwaani, Jeff aliingia, mtu mzima, na yule mzee akaruka kutoka kwenye kiti chake akapanda jukwaani kumlaki. Mtoto hasahau aliyemuuliza kwa heshima.

Na msiseme basi tuwawashie katuni tukapike. Chui milia yule wa kikaragosi, Daniel, tangu 2012 ana katuni yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walichapisha mwaka 2016 utafiti wao kuhusu watoto wadogo walioiangalia. Walioonyesha kuwajali wenzao zaidi na kutambua hisia vizuri zaidi ni wale ambao wazazi wao walikuwa na kawaida ya kuongea nao kuhusu wanachokiona. Televisheni peke yake haikutosha. Wetu hapa wana Akili, yule binti wa katuni za Ubongo kutoka Dar es Salaam. Muwashie, lakini kaa naye hata dakika tano umuulize, "Unadhani Akili anajisikiaje hapo?"

Sasa ninachowaomba, ni vitu vitatu tu.

1. Usinitumie kumtisha mtoto. Ukikosa la kumwambia, sema hapana, inatosha. Nesi awe mtu wa kukimbiliwa.

2. Kabla ya kuja, mwambie ukweli mfupi. "Tunakwenda hospitali. Nesi atakupa dawa kwa sindano. Itauma kidogo, tutahesabu pamoja mpaka tano, halafu imeisha. Mimi nitakuwa nimekushika." Usimwambie wiki nzima kabla, ataumwa na mawazo. Usimfiche mpaka mlangoni pia.

3. Akilia, mwache alie. Usimwambie mwanaume halii. Mwambie, "Najua imeuma. Umevumilia." Anaweza kulia huku ametulia mkono, nimewaona wengi.

Na sisi manesi tunaosoma hapa, na sisi tuache "haiumi". Najua foleni ni ndefu na tuko wachache. Lakini sentensi ya kweli inachukua sekunde zilezile za sentensi ya uongo. Kuna msichana mdogo asiyeona aliwahi kumwandikia Rogers kwamba ana wasiwasi, hajui kama samaki wanapewa chakula, kwa sababu hawezi kuwaona. Tangu hapo akawa anasema kwa sauti, "Nawalisha samaki sasa." Sentensi moja. Na sisi tunaweza: "Sasa nafuta na pamba, ni baridi. Sasa ndiyo sindano. Sasa natoa."

Yule mtoto wa msumari amerudi jana kufungwa kidonda. Safari hii nilimwonyesha kila kitu kwenye trei kabla sijamgusa, nikamwambia kipi kitauma na kipi hakitauma. Pale pa kuuma aliuma meno, akahesabu. Alifika tisa, maana nilikosea makadirio, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Hamna shida, nesi."

Wakati wanatoka nikamsikia anamuuliza mama yake kama keshokutwa watanikuta tena mimi.

Tukutane wiki ijayo, kuharisha na maji ya chumvichumvi, nimeahidi. Leo usiku kabla hajalala, muulize tu mwanao anaogopa nini. Halafu nyamaza, umsikilize.

Nesi wenu.